Gari la turbo linavuja oili? Usikimbilie kununua turbo mpya

Moshi wa bluu nyuma, harufu ya oili inayoungua hadi ndani ya gari, na doa jeusi pale linapolala usiku. Ukifika gereji na dalili hizi, na gari lina turbo, jibu huweza kuja hata kabla boneti haijafunguliwa: "Turbo imekufa, bosi."

Inaweza kuwa kweli. Lakini kama chanzo kiko kwingine, turbo mpya nayo itavuja, na hela imeshatoka.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa iingie ndani. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea juu ya oili. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba, ila kurudi kwenye sampo inateremka yenyewe tu, kama maji ya sinki.

Hapo kwenye kurudi ndipo pa kuangalia kwanza. Sili za turbo si mpira, ni ringi ndogo za chuma zinazofanana na ringi za pistoni. Haziwezi kuzuia oili iliyojaa ikakosa pa kwenda. Bomba la kurudishia likijikunja, likijaa masizi kwa sababu ya kuchelewa kubadilisha oili, au oili ikizidishwa kupita alama ya kijiti, turbo nzima kabisa itaanza kutema oili.

Halafu kuna silikoni. Wapo mafundi wanaoipaka kila penye gasketi. Ukikaza boliti, inayozidi inaingia ndani, inakatika na kuziba njia ya oili. Kwenye mabomba ya turbo inatakiwa gasketi safi peke yake.

Mshukiwa mwingine ni valvu ya PCV, yaani njia ambayo injini inapumulia. Ikiziba, presha inapanda ndani na oili inatafuta pa kutokea: sili za krenki, tapeti kava, hata turbo yenyewe. Kupima ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kikirushwa juu au moshi ukitoka kwa kusukuma, kuna presha. Kama valvu ni safi na presha bado ipo, ringi za pistoni huenda zimechoka, na hapo mwambie fundi apime kompresheni kabla ya kugusa turbo.

Inavuja nje au ndani?

Swali hili wengi wanaliruka. Kwa nje, oili hushuka chini na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo panapodondosha sipo panapovuja. Osha injini, ikauke, pakaza poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha kidogo, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Gereji zenye vifaa huweka rangi maalumu kwenye oili na kummulika mvujo kwa taa ya UV.

Subaru za turbo ni mfano mzuri. Silinda za injini hizo zimelala ubavu, tapeti kava zipo pembeni na ekzosi inapita chini yake. Gasketi ya kava ikichoka, oili inadondokea ekzosi ya moto, moshi unapanda, na turbo inabebeshwa lawama ya gasketi ambayo bei yake haifikii hata robo ya turbo.

Kwa ndani, fungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo. Utando mwembamba wa oili ni kawaida, maana hewa ya PCV hupitia hapo. Likiwa limelowa chapachapa kabla ya kufika kwenye turbo, oili hiyo imetoka kwenye kupumua kwa injini. Likiwa kavu, lakini bomba la kutokea na intakula vina oili iliyotuama, hapo turbo ina kesi ya kujibu.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika shafti uitikise. Kucheza kidogo pembeni hakuna shida. Ikienda mbele na nyuma, au feni zikigusa ukuta, turbo imekwisha kweli. Angalia pia filta ya hewa: ikiziba sana, turbo inavuta kwa nguvu hadi inanyonya oili yake yenyewe.

Wenye dizeli wasingoje

Oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta. Inapandisha mizunguko yenyewe, na ukizima ufunguo haisikii. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, kisha achia klachi ili injini izimike. Kwa automatiki hakuna ujanja huo: simamisha gari, toeni watu wote na mkae mbali. Usijaribu kuziba hewa kwa mkono. Dizeli ambayo intakula yake ina dimbwi la oili isiendeshwe hata mpaka gereji, ivutwe.