Silikanti Wawili, Umbo Moja

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ameuliza ni kwa hoja gani wanazuoni wa elimu ya viumbe wanadai kuwa silikanti wa huku kwetu na yule wa Indonesia ni spishi mbili, ilhali hata mvuvi mzoefu akiwekewa wote wawili juu ya meza atataabika kuwapambanua. Mtafiti Mark Erdmann alipomkuta samaki huyo sokoni Manado mwaka 1997, yapata kilomita 10,000 kutoka visiwa vya Komoro anakoishi yule wa Afrika, aliona mapezi yale yale yenye mashina ya nyama na mkia ule ule wa sehemu tatu. Rangi ndiyo iliyohitilafiana, kwani wa Afrika ni wa buluu na wa Indonesia ni kahawia yenye vimeto vya dhahabu. Lakini rangi ni shahidi dhaifu, maana yule wa buluu naye akishakufa hugeuka kahawia.

Kwa samaki wengi, kuhesabu miiba ya mapezi na kupima masafa toka ncha ya pua hadi jicho hutosha kukata shauri. Hapa haikutosha, nasi hatuna budi kuingia ndani ya chembe hai, kwenye mitokondria, ambamo mna uzi mfupi wa DNA wenye herufi zipatazo 16,400, urithi atoao mama peke yake.

Fikirini utenzi ulioandikwa Pate kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa Lamu na Mombasa, na kila nakala ikazaa nakala nyingine. Mnakili akikosea neno likapoteza maana, msomaji hulisahihisha au huitupa nakala. Bali akikosea pale ambapo maana haidhuriki, kosa hilo hupita salama, likarithiwa na kila nakala itokanayo na ile, hata mjuzi akizilinganisha hati miaka mingi baadaye aweza kusema hii ni binti ya ile. Ndivyo ilivyo katika mitokondria. Herufi husomwa tatu tatu, na kila utatu huagiza tofali moja la protini. Lakini GGA, GGC, GGG na GGT zote huagiza tofali lile lile, glisini, hata ile herufi ya tatu ikibadilika mwili hauna habari. Mabadiliko yanayoharibu kiungo hufutwa kwa kifo cha mwenyewe. Haya ya kimya hubaki, yakarundikana kizazi baada ya kizazi, na samaki wawili waliotengana zamani hupata kila mmoja rundo lake, hali umbo lao, ambalo bahari ya kina na giza haikulidai ligeuke, limesimama pale pale. Mimi sijui katika elimu yote ya viumbe jambo zuri kushinda hili, kwamba nasaba huhifadhiwa barabara pale ambapo mwili haujali.

Nyuzi za silikanti hawa wawili zilipolinganishwa, zilihitilafiana kwa karibu asilimia 4, yaani zaidi ya herufi 600, na mwaka 1999 yule wa Indonesia akapewa jina lake, Latimeria menadoensis. Walitengana lini? Wengine husema ni miaka milioni chache, wengine baina ya milioni 30 na 40. Lililo yakini ni kuwa walitengana.

Na msomaji wetu ana sababu ya kuuliza, kwani uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini ya Tanzania, ingawa ni spishi moja na wale wa Komoro, ni ukoo mbali uliojitenga zaidi ya miaka 200,000. Wakimalizwa na majarife ya papa, si jambo la kutarajia kwamba wa Komoro watakuja kuwajazia nafasi. Kwa hiyo hifadhi iliyowekwa Tanga mwaka 2009 ina ukoo wake wa kuulinda, na mvuvi anayemtoa silikanti jarifeni na ampelekee habari bwana samaki kabla ya kumpasua: kipande cha nyama kisichozidi ukucha, kikitiwa katika spiriti, chatosha kuusoma uzi wote.