Zoezi la Dharura: Baada ya Makofi



Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufariki ndani ya saa 2. Ndiyo maana kikundi chenu kinapaswa kufanya zoezi: mmoja ajifanye mgonjwa, wengine wamfikishe hospitali.

Shida ni kwamba zoezi likiisha, watu hupiga makofi, wakanywa chai na kwenda nyumbani. Hapo mmejifunza nini? Mchagueni mmoja asiyembeba mgonjwa wala kukimbia. Kazi yake ni kutazama saa na kuandika. Usaidizi uliitwa saa ngapi? Gari lilifika lini? Nani alikuwa na pesa za nauli? Kadi ya kliniki ilipatikana? Watoto waliachiwa nani?

Ketini siku hiyo hiyo, kabla hamjasahau. Msilaumiane, maana mkianza kumtafuta mkosaji, watu watayaficha makosa. Andikeni wazi: "Simu ya dereva ilikuwa imezimwa. Mama Atieno atatafuta dereva wa pili kufikia Ijumaa." Pasipo jina na siku, hayo ni malalamiko tu.

Nakala moja mpelekeeni mhudumu wa afya ya jamii. Daraja lililobomoka, au zahanati inayofungwa usiku, si mambo ya kikundi kutatua. Yeye atayafikisha kwenye kituo cha afya, nanyi myaseme katika baraza la chifu.

Baada ya miezi 3, rudieni zoezi hilo. Safari hii lifanyeni usiku, mvua ikinyesha ikiwezekana.