Der, Die, Das: Kijana wa Buha na Lugha ya Kijerumani

Labda nyumbani kwako Kasulu au Kibondo yumo kijana aliyemaliza masomo ya uuguzi, na sasa kila jioni anakaa karibu na taa akinong'ona: der Löffel, die Gabel, das Messer. Wewe unachambua maharage na kujiuliza kama mtoto ana homa. Hana homa. Anataja kijiko, uma na kisu kwa Kijerumani. Anataka kwenda kufanya kazi katika hospitali za Ujerumani, na huko muuguzi mgeni kwa kawaida hutakiwa kuwa na cheti cha lugha cha ngazi ya B2. Ada imekwisha kulipwa, pengine kwa kuuza ng'ombe. Akianguka mtihani, ng'ombe harudi zizini. Basi jambo hili ni la nyumba nzima.

Kinachomtesa ni vile vineno vitatu vya mbele. Huambiwa kwamba der ni ya kiume, die ni ya kike, na das si ya kiume wala ya kike. Akitazama mezani anashangaa: kijiko kimekuwaje mwanamume, uma ukawa mwanamke, na kisu kikakosa yote mawili? Jua ni die Sonne, mwezi ni der Mond. Tena msichana mwenyewe ni das Mädchen! Hapo wengi hufunga daftari na kusema kwamba lugha hii haina akili.

Ngoja kwanza, tumwulize bibi yake. Kwa Kiha mtoto ni umwana. Lakini bibi akitaka kuonyesha udogo wake husema akana, na wakiwa wengi, utwana. Je, mtoto amegeuka kitu kingine? Hata kidogo. Ni ule udogo tu uliomhamisha kutoka kundi moja la majina kwenda kundi jingine. Kwa Kiswahili nako twasema mtoto amelala, lakini kitoto kimelala. Mjerumani hufanya vivyo hivyo. Zamani msichana aliitwa die Magd. Wakaongeza -chen ya udogo, likatokea Mädchen, na kila jina lenye -chen hiyo ya udogo huwa das, liwe la mtu au la kitu. Bibi asiyejua neno moja la Kijerumani amekwisha kutueleza jambo lililomshinda mjukuu wake.

Kwa hiyo der, die na das ni makundi ya majina, yaani ngeli, na si habari ya wanaume na wanawake tu. Wajerumani wanayo matatu. Sisi tunayo mengi kuliko wao. Nao walipojifunza lugha zetu walitoka jasho. Wilhelm Bleek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1827 na kulieneza jina la Bantu, alitoa mwaka 1862 sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha kulinganisha lugha hizi. Carl Meinhof, Mjerumani mwingine, alitoa chake mwaka 1906. Makundi yetu yalipewa namba: la kwanza, la pili, la tatu. Laiti wangeyapa namba na ya kwao, vijana wetu wangepona usumbufu mwingi!

Lakini iko tofauti, na tusimdanganye mtoto. Kiti na kisu vina ki- yao mbele, huonekana mara moja. Jina la Kijerumani mara nyingi halionyeshi kundi lake. Miisho michache husaidia: majina ya -ung, -heit, -keit na -schaft karibu yote ni die. Majina yakiunganishwa, la mwisho ndilo linalotawala. Watu wa Kibondo wanaijua asali: nyuki ni die Biene, asali ni der Honig, basi asali ya nyuki ni der Bienenhonig. Yaliyobaki ni ya kukariri, jina pamoja na kineno chake. Tena kineno hubadilika kwa kazi yake: daktari ni der Arzt, lakini ukimwona ni den Arzt, na ukifuatana naye ni dem Arzt. Hapo bibi hana msaada. Ni uvumilivu tu.

Ukikosea, mara nyingi utaeleweka, kama aelewekavyo mtu asemaye "kiti yangu". Watu watatabasamu. Lakini si siku zote. Der See ni ziwa, die See ni bahari. Ziwa letu ni der Tanganjikasee. Ukiweka die umekwisha kulifanya bahari.

Wazee wetu hawakusumbuka hivyo. Wadachi walitawala hapa mpaka Wabelgiji walipowaondoa mwaka 1916, wakatuachia maneno mawili matatu: die Schule ikawa shule, der Heller ikawa hela. Tulichukua majina, vineno tukawarudishia wenyewe. Leo twasema shule yangu na hela yangu, kama nyumba yangu.

Wewe mzazi unaweza kusaidia bila kujua Kijerumani. Shika karatasi yake, onyesha kitu, naye ataje jina na kineno kwa pumzi moja. Akitaja jina tupu, likatae. Aanze na vya nyumbani: mbuzi ni die Ziege, mahindi der Mais, maji das Wasser, chumvi das Salz. Kile chungu kilicho motoni ni der Topf. Na maharage yanayochemka ndani yake ni die Bohnen. Hapo hawezi kukosea, kwa maana vitu vikiwa vingi, vya der, vya die na vya das, vyote huitwa die.