KUBANA SAUTI KWENYE CHIPU NDOGO: USITUME HELA KABLA HUJASOMA HAPA

Leo tuachane na siasa kidogo, zipo tu, hazikimbii.

Kuna kijana kanitumia swali ambalo naona linawahusu wengi wenu mnaochezea umeme na kompyuta. Anatengeneza kidude cha kufunga kwenye daladala kitakachotaja vituo kwa sauti, ili abiria asiyeona asitegemee huruma ya konda. Sauti kesharekodi, chipu anayo, ila mafaili hayaenei. Kwenye mtandao kaona programu ya kubana sauti inauzwa dola 200. Anauliza, atume hela au asitume?

Jibu fupi: asitume. Jibu refu ndo hili hapa chini.

TATIZO LENYEWE

Sauti ya kiwango cha simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni biti 16. Zidisha hapo: biti 128,000 kwa sekunde, yaani baiti 16,000. Dakika moja inakula kilobaiti 960. Kijana wetu ana flashi ya megabaiti 1. Kwa hiyo dakika moja tu, kwisha habari! Yeye ana vituo 60, kila kimoja sekunde 3, jumla dakika 3.

Halafu angalizo: chipu nyingi za flashi huuzwa kwa megabiti, sio megabaiti. Ikiandikwa 8, gawanya kwa 8, unabaki na megabaiti 1. Wengi wanalizwa hapo hapo dukani.

KWA NINI ILE YA KWENYE PC HAIINGII

DSP ni prosesa iliyoundwa kwa kazi moja hasa: kuzidisha na kujumlisha namba kwa kasi, bila kuchoka. Zimo kwenye simu, redio za magari, hata vile vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Wala sio jambo geni. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ilitoa kidude cha watoto kinachoitwa Speak & Spell, kilichokuwa kinatamka maneno kwa kutumia chipu moja inayoigiza koo na mdomo wa binadamu kwa hesabu.

Sasa ukichukua programu ya PC ukailazimisha humo, unakutana na vikwazo vitatu.

Kwanza, desimali. Chipu nyingi za bei nafuu zinajua namba kamili tu. Ukizipa hesabu za desimali zitaigiza kwa kuzunguka zunguka, na sauti itakuwa inakatika kama redio yenye betri mbovu.

Pili, RAM. PC inahesabu gigabaiti, chipu inahesabu kilobaiti. Kodeki ikidai kilobaiti 200 na wewe una 64, hakuna maombi yatakayosaidia.

Tatu, baiti yenyewe. Kwenye chipu za familia ya TMS320C54x na C55x, kipande kidogo kabisa cha memori ambacho lugha ya C inakiona ni biti 16, sio 8. Msimbo uliozoea baiti ya biti 8 unaweza kupita kwenye kompaila bila kelele, halafu spika ikatoa mikoromo. Utatafuta kosa wiki nzima.

Mimi mwenyewe nimeshalizwa. Tulichanga na mwenzangu, tukamlipa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kilichokuja ni faili lililokwishatafsiriwa kwa ajili ya chipu ya familia nyingine kabisa, msimbo chanzo hakuna. Tukaandika barua pepe tatu, kimya mpaka leo. Ndo maana naandika haya.

SIRI AMBAYO WAUZAJI HAWAKWAMBII

Kubana na kufungua ni kazi mbili tofauti! Kidude cha daladala hakirekodi, kinasema tu. Kwa hiyo kazi nzito ya kubana ifanye kwenye PC, hata hapo kafeni, kwa programu za bure. Kwenye chipu weka kifunguzi peke yake, ambacho kwa kawaida ni chepesi kuliko kibanio. Aliyekuwa anataka kununua vyote viwili alikuwa ananunua mzigo asiouhitaji.

ZA BURE ZILIZOPO

IMA ADPCM. Hii ndo nyepesi kuliko zote. Haihifadhi kipimo kizima, inahifadhi tofauti kati ya kipimo na kile ilichokikisia, kwa biti 4 badala ya 16. Sauti inapungua mara nne. Kifunguzi chake kinahitaji majedwali mawili tu, moja la namba 89 na lingine la namba 16. Msimbo wake unaweza kuuprinti ukausoma kwenye basi. Dakika 3 za kijana wetu zinashuka kutoka kilobaiti 2,880 hadi 720. Zimeenea!

GSM ya kwanza. Ndiyo iliyobeba maongezi ya simu za mkononi miaka ya 1990. Kila milisekunde 20 inachukua vipimo 160 na kuvigeuza biti 260, ambayo ni kilobiti 13 kwa sekunde. Msimbo wake wa bure ulitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na unatumia namba kamili. Dakika 3 zinakuwa chini ya kilobaiti 300.

Opus. Hii ilipitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Inaanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde, inafaa maongezi na muziki. Ule ujumbe wa sauti unaotuma WhatsApp ni Opus hiyo hiyo. Msimbo wake una chaguo la kuujenga kwa namba kamili tu, ila unadai RAM na kasi kubwa kuliko hizo mbili za juu. Ukikuta watu wanasifia Speex, jua ni kaka yake mkubwa: wenyewe walioitengeneza wanashauri watu wahamie Opus.

Codec 2. Ya kubana kupita kiasi, kilobiti 3.2 kwa sekunde hadi 0.7. Ni ya maongezi kwenye redio za upepo. Maneno yanasikika, ila usitegemee utamu wa sauti.

Kwa muziki kuna vifunguzi vya MP3 vya namba kamili kama Helix na libmad, na Tremor kwa mafaili ya Ogg Vorbis.

LESENI NAYO

Bure sio bure moja. Opus ina leseni ya BSD: uza kidude chako, acha tu tangazo la haki za wenyewe. libmad iko chini ya GPL: ukiuza kidude, mteja ana haki ya kupata msimbo wa programu uliyoiunganisha nayo. Kama huko tayari, chagua nyingine mapema. Na wale wanaoogopa MP3 kwa sababu ya hataza, mpango wa Fraunhofer wa kutoza leseni ulifungwa Aprili 2017.

UNATAFUTAJE SASA?

Kabla hujafungua hata ukurasa mmoja na dakika zako kafeni zinakwenda, andika kwenye karatasi:

1. Jina kamili la chipu, na kama inajua desimali.
2. Unarekodi au unasikilizisha tu?
3. Ni maongezi au muziki?
4. RAM kiasi gani, flashi kiasi gani?

Anzia tovuti ya aliyetengeneza chipu. Wengi wana maktaba za sauti zilizokwishalainishwa kwa chipu zao, na nyingi hazitozwi. Usipopata, nenda kwenye programu huria nilizotaja. Ukiona hakuna msimbo chanzo, hakuna leseni iliyoandikwa, wala hakuna maelezo ya RAM na mizunguko ya prosesa inayohitajika, pita kushoto.

Ukishapata, jenga kwanza kwenye PC. GSM ina mafaili rasmi ya majaribio: unafungua faili, unalinganisha matokeo, na lazima yafanane biti kwa biti. Ikipita hapo ndo uhamishie kwenye chipu na urudie jaribio lile lile. Ikikosea, unajua kosa liko kwenye chipu, sio kwenye kodeki.

Na usione haya kujiuliza swali la mwisho: je, flashi kubwa zaidi si rahisi kuliko haya yote? Kama unatengeneza kidude kimoja, mara nyingi ni kweli. Kama ni elfu moja, kila senti inahesabiwa.

Kwa kijana wetu nimemwambia hivi: ADPCM, kifunguzi peke yake, dola 200 zibaki mfukoni akanunue spika nzuri. Yule abiria hahitaji kodeki ya kisasa, anahitaji kusikia jina la kituo chake kabla gari halijapita.

Naomba kuwakilisha. Mwenye uzoefu na chipu nyingine, au anayeona nimechemka, uwanja wa maoni ni wenu.