Mtoto akitaka kusafiri kwa kulima shamba la watu, mzazi uliza haya kwanza

Kijana amemaliza chuo, anakuambia anataka kwenda kukaa Italia miezi miwili bila kulipa malazi wala chakula. Wazazi wengi hapo watawaza utapeli. Lakini utaratibu huo upo kweli: mkulima humpa mgeni kitanda na chakula, naye mgeni husaidia kupalilia, kuvuna au kulisha mifugo. Mshahara hakuna.

Ulianzia Uingereza mwaka 1971. Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetamani kutoka mjini, alifanya mpango yeye na wenzake wachache wakafanye kazi mwishoni mwa wiki katika shamba la Emerson College, Sussex. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la WWOOF, linalounganisha wageni na wakulima wa kilimo hai katika nchi nyingi duniani. Mgeni hulipa ada ya uanachama, kisha huwasiliana mwenyewe na mkulima.

Nauli, viza na bima ni juu ya msafiri. Malazi na chakula navyo hulipiwa kwa jasho. Kwa hiyo kabla ya tiketi kukatwa, kaa na mwanao mpitie mambo manne.

Saa za kazi. Kawaida ni saa nne hadi sita kwa siku, na siku za mapumziko kila wiki. Makubaliano yawe ya maandishi: kazi gani, atalala wapi, chumba kina kufuli? Anayetaka mtu afanye kazi kutwa nzima anatafuta kibarua wa bure. Pasipoti asimwachie mtu yeyote, na asome maoni ya waliowahi kukaa hapo.

Viza. Kwa baadhi ya nchi, chakula na malazi ni malipo. New Zealand huihesabu kazi hiyo kuwa ajira, hivyo viza ya matembezi haitoshi. Akiulizwa mpakani aseme kweli, na ubalozi uulizwe mapema.

Chanjo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na jeraha dogo la mwiba au msumari linatosha kuviingiza mwilini. Chanjo ya utotoni hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Mabinti wengi huja kupata nyongeza kliniki wakiwa wajawazito, lakini kijana wa kiume huenda mara ya mwisho alichanjwa akiwa mchanga. Mpeleke kituo cha afya wiki kadhaa kabla ya safari, na uulize pia kuhusu kichaa cha mbwa kutegemea nchi anayokwenda.

Ulaya kuna kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Avae suruali ndefu na buti, ajikague mwili kila jioni, na akikuta kupe amng'oe taratibu kwa kibanio karibu na ngozi. Akiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi au akapata homa siku au wiki kadhaa baadaye, amwone daktari.

Bima. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma masharti yake hadi mwisho, kwa sababu bima nyingi za safari hazilipii ajali itokanayo na kazi ya mikono. Kijana aliyekatwa na panga shambani anaweza kujikuta anadaiwa na hospitali.

Mwisho, awe na akiba ya nauli ya kurudi ambayo haiguswi, na mkubaliane siku za kupigiana simu. Mwambie wazi kwamba akiona mambo hayaendi sawa anaweza kuondoka siku hiyo hiyo, na nyumbani hatachekwa. Vijana wengi huvumilia mateso ugenini kwa kuogopa aibu ya kurudi mapema.