Tanga la Mombasa, Upepo wa Naivasha

Chukua mashua ya tanga yenye uzito wa tani 1 pamoja na watu wake, uipakie kwenye lori Mombasa na uishushe Ziwa Naivasha. Tanga lake ni lilelile la mita 20 za mraba, ila mwendo hautakuwa uleule.

Wasanifu hugawa eneo la tanga kwa ujazo wa maji yanayosukumwa na mashua, ujazo huo ukipandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili ili mashua ndogo na kubwa zilingane. Tani 1 kwenye maji matamu husukuma mita 1 ya ujazo, kwa hiyo jibu ni 20. Mashua nyingi za safari ndefu hupata kati ya 15 na 18. Hii ni ya mbio.

Lakini Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17. Upepo wa kasi ileile husukuma kwa nguvu pungufu kiasi hicho, kana kwamba fundi amekata zaidi ya mita 3 za mraba za kitambaa.

Hapo nahodha hutamani kuongeza tanga. Nasaha yangu ni asithubutu. Asubuhi ziwa hutulia, alasiri upepo huamka na mawimbi yakachafuka. Kasi ikipanda kutoka kilomita 10 hadi 20 kwa saa, nguvu huwa mara nne. Wepesi wa hewa hauokoi mtu.

Dhoruba ilipowaua washindani 15 wa mbio za mashua za Fastnet mwaka 1979, kati ya Uingereza na Ireland, kilizuka kipimo cha kupinduka: upana wa mashua hugawanywa kwa kipeuo cha tatu cha ujazo uleule. Jibu likizidi 2, bahari kuu haiifai. Mashua yetu ikiwa na upana wa mita 2.4, jibu ni 2.4.

Kipimo hicho hakiulizi uzito umekaa wapi, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa. Farumi ya risasi kwenye mkuku na mzigo uliofungwa juu ya paa huleta jibu moja. Abiria wakisimama upande mmoja kumpiga picha kiboko, uzito hupanda na kuhamia kando, na hesabu haibadiliki. Wavuvi wa jamii ya Ilchamus, Ziwa Baringo, huketi chini kabisa kwenye vyelezo vya miti myepesi ya ambachi, miguu wameinyoosha. Nahodha wa Naivasha anapofoka "Kaeni chini!" anatafuta utulivu uleule.