Kijiji Kikubwa cha Bara Hindi na Njia Zake

Mtu akisikia neno kijiji hufikiri nyumba chache, kisima, na njia ya miguu iendayo mashambani. Katika Bara Hindi fikira hiyo yaweza kumpoteza. Kando ya mto Ganges, katika wilaya ya Ghazipur, jimbo la Uttar Pradesh, kiko kijiji kiitwacho Gahmar. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta humo watu zaidi ya 25,000. Hata hivyo kiliandikwa kuwa ni kijiji, wala si mji.

Sababu yake ni hii. Kwa kanuni za hesabu hiyo, mahali pasipo na baraza la mji hapahesabiwi kuwa mji mpaka patimize masharti matatu kwa pamoja: wakazi wasipungue 5,000, katika kila kilomita moja ya mraba wakae watu 400 au zaidi, na robo tatu ya wanaume wafanyao kazi wawe na kazi isiyokuwa ya kilimo. Basi wingi wa watu peke yake hautoshi.

Magazeti ya huko mara nyingi husema kwamba watu wa Gahmar hupita laki moja. Yafaa ikumbukwe kwamba mwenyeji humhesabu mwanawe hata akiwa mbali, lakini karani wa hesabu humwandika mtu pale anapokaa, na askari aliye kambini huandikwa kambini. Na Gahmar ni kijiji cha askari tangu zamani. Katika Vita Kuu ya 1914-1918 kilitoa watu 228, na 21 kati yao hawakurudi. Jambo hilo limewekewa jiwe la ukumbusho.

Watu hao waliwezaje kwenda mbali na bado wakabaki kuwa watu wa kijijini? Jibu ni reli. Tangu miaka ya 1860 njia kuu ya reli itokayo Kolkata kwenda Delhi kupitia Patna imekuwa ikipita hapo, na Gahmar ina stesheni yake. Upande wa mashariki iko Buxar, mji wa jimbo la Bihar. Mtu apewaye likizo hupanda treni mbali sana, akashuka karibu na nyumba ya baba yake. Treni za abiria ziliposimamishwa nchini kote mwezi wa Machi, 1 9 2 0 ikiwa imekwisha kupita karne nzima, yaani mwaka 2020 wakati wa korona, vijiji vya namna hii vilijua thamani ya stesheni.

Lakini si kila kijiji kina reli. Kwa ajili ya vilivyosalia, Serikali ya Bara Hindi ilianzisha mwaka 2000 mpango wa barabara za vijijini zipitikazo masika na kiangazi. Kipimo chake ni idadi ya watu: katika nchi tambarare, kitongoji kisicho na barabara hustahili kupewa kikiwa na watu 500 au zaidi, katika milima na majangwa, 250. Awamu ya nne ya mpango huo ilipokubaliwa mwaka 2024, vitongoji vilipimwa kwa hesabu ya mwaka 2011, kwa kuwa hesabu iliyokuwa ifanywe mwaka 2021 iliahirishwa.

Maana yake ni wazi. Kitongoji kilichoandikwa watu 480 mwaka 2011 hakikutimiza kipimo hicho, hata kama watoto waliozaliwa baadaye walikwisha kukifikisha 600. Mgonjwa wake huendelea kubebwa kitandani wakati wa mvua, na mazao yake hufika sokoni yamechelewa.

Kwa hiyo karani apitaye nyumba kwa nyumba na daftari lake si mtu wa kukimbiwa wala kufichwa watoto. Jina lisiloandikwa leo laweza kuwa ndilo lililopungua siku barabara zinapogawanywa.